Kamba Kidoleni

Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa na mfereji. Halikuwa kovu la kisu wala la moto. Ulikuwa mkunjo wa duara, mweusi kuliko ngozi nyingine, kama alama ya pete iliyovaliwa tangu utoto. Kamba ya makumbi ndiyo iliyouchimba, msimu baada ya msimu. Nikimkumbuka jirani yangu yule, uso huja baadaye. Kwanza huja kidole, kwa sababu kidole ndicho kilichokuwa macho wakati mwenyewe amelala.

Jina lake nitaliacha lipumzike. Watu wote wa bonde letu, chini ya Kibiti kuelekea mtoni, walimwita Shangazi, na sikuwahi kujua alikuwa shangazi wa nani. Mimi nilikuwa mke mgeni. Nilitoka Kiongoroni, huko visiwani kwenye mikoko, nikaolewa na mkulima wa mpunga, na mwaka wangu wa kwanza nikapewa dungu la kulindia lililotazamana na lake. Kati yetu palikuwa na majaruba manne.

Mpunga ukianza kubeba, watu wa bonde huhama kijijini na kwenda kuishi juu ya nguzo. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu, sakafu ya fito, ngazi ya kukwea. Mchana huja ndege, jioni ngedere, usiku nguruwe, na siku ya balaa hutoka kiboko mtoni akala jaruba zima kabla hujapata kukohoa. Kutoka kwenye kila dungu kamba hupita juu ya shamba, imeegemezwa kwenye miti iliyochomekwa, imetundikwa vibuyu vyenye kokoto ndani. Ukiivuta, shamba zima hupiga kelele. Mlinzi huishika mkononi, na akizidiwa huifunga kwenye kidole cha mguu, akajinyoosha. Kila anapogeuka, mguu huvuta, vibuyu hulia, ndege huruka. Miezi mitatu hakuna anayelala usiku mzima. Watu huuokota usingizi kama wanavyookota mpunga uliodondoka, punje kwa punje.

Mavuno yakiingia ghalani, sote tuliteremka tukarudi kwenye usingizi wa kila mtu. Tangu mwaka wa vita, yeye peke yake hakurudi. Masika na kiangazi, shambani na nyumbani, alilala kwa vipande. Tangu hapo sikumwona akilala kupita muda wa kuiva chungu cha kunde, isipokuwa mara mbili. Mara zote mbili nilikuwapo.

Vipande vyake vilikuwa na majina. Usingizi wa chungu aliulala jikoni, mgongo ukutani: alibandika maji, akafumba macho, na kifuniko kilipoanza kutetemeka tu mkono wake ulikuwa umeshakifikia. Usingizi wa kivuli aliulala uani. Alinyoosha miguu juani, na kivuli cha paa kilipogusa kidole chenye mfereji, aliamka. Usingizi wa ukili ulikuwa mfupi kuliko yote. Alikuwa akisuka, vidole vikapunguza mwendo, vikasimama. Ukihesabu mpaka hamsini, vikaendelea palepale vilipoachia, na ukili haukuonyesha palipolala. Saa ile ambayo watu wote huona usingizi mtamu, tangu jogoo wa kwanza mpaka adhana, hakuilala kabisa. Alikuwa ameketi kizingitini, ameelekea njia.

Tulimcheka, nisifiche. Kulikuwa na arusi moja ambako alisinzia katikati ya ngoma, kichwa kimeangukia bega la bibi mmoja mwenye makuu ambaye hakuthubutu kusogea. Mwimbishaji akasahau ubeti. Watu wakatazamana, na ndipo sauti ya Shangazi ikatoka chini ya kanga, macho yamefumbwa, ikautoa ubeti mzima bila kukosea. Alipomaliza akaendelea kulala. Na matangani siku moja, mtani wa marehemu alimkuta amelala kwa kukaa, mdomo wazi. Akawatangazia waombolezaji kwamba leo tunazika wawili. Hakufumbua macho. Alisema, "Wa pili apewe wali kwanza."

Mimi mwenyewe nilikuwa nikimchokoza kutoka dunguni kwangu, sauti ikipita juu ya majaruba.

"Shangazi, umelala?"

"Sijalala, nimefumba."

"Mbona unakoroma?"

"Natisha ndege."

Hata kwenye shamba la pamba la akida, ambako watu walichapwa kwa kunyoosha mgongo, alilala. Ilikuwa kabla ya vita, katika msimu wa kulinda, tunatolewa kwenye mipunga yetu kwenda kupalilia pamba isiyo yetu. Alisimama, akaegemea mpini, akalala kama kunguru juu ya mti. Mnyapara akamjia na kiboko mkononi. Akamuuliza kama amelala. Alijibu kwa heshima zote kwamba jembe ndilo lililolala, yeye analisubiri liamke. Wanawake tuliinamisha nyuso kwenye mchanga tusionekane tukicheka. Alichapwa, bila shaka. Viboko vitano. Jioni nilimpaka mafuta ya ufuta mgongoni, akalala katikati ya kupakwa.

Alikuwa na misemo yake, na sijaisikia kwa mtu mwingine. Alisema usingizi ni muhogo, ukiumeza mzima utakukaba, uvunje. Alisema anayelala sana huamkia habari. Huo wa pili nilidhani ni wa mzaha kama wa kwanza, mpaka nilipotambua ulikotoka.

Kilichonishangaza ni jinsi alivyouheshimu usingizi wa wengine. Hakuruhusu mtu aamshwe kwa kelele mbele yake. Ukitaka kumwamsha mtu, alisema, mguse wayo, roho irudi kwa miguu yake yenyewe. Mwaka ule wa kwanza mimi nilikuwa na mimba changa, nasinzia hata nikitafuna. Siku moja alivuka majaruba, akaichukua kamba yangu, akaivuta mpaka kwake na kuifunga kwenye kidole cha mguu wake wa kushoto. Nikamwambia haiwezekani, mtu mmoja hawezi kulinda pande mbili. Akanitazama kama niliyesema neno la kitoto.

"Lala, mwanangu," alisema. "Mimi nina vidole viwili."

Nililala msimu mzima juu ya vidole vyake. Mimba ile haikudumu, lakini hilo halikuwa kosa la mtu.

Nisimpambe kupita alivyokuwa. Usingizi wa vipande humla mtu. Miaka ilivyokwenda alitia chumvi mara mbili, au akasahau kabisa. Alimsalimia mtu aliyekwisha kufa, akangoja kujibiwa. Alikuwa na hasira za ghafla: alinivunjia mtungi kwa sababu nilifunga mlango wake upepo ulipovuma, na kesho yake akaniletea mwingine bila kusema lolote. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote, na kijijini mtu mwenye macho mekundu anayeonekana kizingitini usiku hazungumzwi vizuri. Wapo waliosema anawanga. Njaa ilipokuja maneno yale yalizidi, na kuna mlango mmoja ambao hakupewa hata maji. Alijua. Alipopita mbele ya mlango ule alisalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Sasa niseme kwa nini.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana aliyeanza kuota ndevu. Mume alikwisha kufa. Kijana alikuwa wa mashoto. Mama yake alimfundisha kula kwa mkono wa kulia, akafanikiwa. Kufunga kamba kulimshinda. Mafundo yake yote yalipinda upande wa kushoto, mkia wa kamba umepitishwa mara mbili, na mtu mwingine akitaka kuyafungua alihangaika mpaka akaita mwenyewe. Kamba ya shamba lao ilijaa mafundo yale. Mama alilalamika kila siku, na kila siku aliyaacha.

Mwaka wa vita, mpunga ukielekea kuiva, watu walianza kupita kwenda juu, upande wa milima ya Umatumbi, kutafuta dawa. Walipita kwa makundi, wametulia kama wanaokwenda kuhiji, na waliporudi walikuwa na maji kwenye vibuyu vidogo na mabua ya mtama vichwani. Walisema risasi zitageuka maji. Walisema pamba imekwisha, viboko vimekwisha. Miiko ilikuwa mingi. Mmoja ulikuwa huu: aliyekunywa dawa haagi. Kuaga ni kukubali kwamba unaweza usirudi, na ukishakubali hivyo dawa imekutoka.

Basi kijana alingoja mavuno yaishe. Sisi watu wa bonde tuna desturi. Siku mpunga wa mwisho unapoingia ghalani, mlinzi hufunguliwa kamba, hupikiwa wali wa mpunga mpya, hulazwa ndani, na hakuna anayemwamsha mpaka aamke mwenyewe. Miezi mitatu ya kuibaiba usingizi huifidia kwa usiku mmoja. Tunauita usingizi wa ghala. Hata mume hamgusi mkewe, hata mtoto hufundishwa kupita kwa ncha za vidole. Kijana alimpikia mama yake wali, akamtandikia. Mama alilala tangu Isha, adhana ya alfajiri ikampita, jua likampita. Alipoamka lilikuwa juu ya paa. Sufuria lilikuwa limeoshwa na kufunikwa, na mkuki wa baba haukuwapo.

Hakulia nilipofika. Aliniuliza jambo moja tu: kama nilimwona akipita. Nilimwona. Alikuwa amepita mbele ya nyumba yetu bado giza, nikamwamkia, akanipungia mkono bila kuitikia. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Wewe ulikuwa macho." Akavuta mkeka aliolalia, akaukunja, na tangu siku ile haukutandikwa tena.

Vita vyenyewe wengine watavieleza. Mimi nilichokiona ni moshi. Kwanza milimani, kisha karibu. Askari walichoma maghala hata ya watu ambao hawakushika mkuki, na walipoondoka walichukua wanaume wenye mabega kuwabebea mizigo. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Tulichimba ming'oko na mizizi mingine tusiyoijua, mingine ikatuua. Tuliopata mbegu tulipanda vipande vidogo vya mpunga na kuvilinda kama mboni ya jicho, sasa dhidi ya ndege na dhidi ya watu.

Wanaume waliosalia vitani walikuwa porini. Hawakuweza kuja kijijini, kwa sababu watu wa akida walivizia kwenye njia zote. Hawakuweza hata kuita. Waliweza kufika mwisho wa shamba tu, kwenye mafunjo, alfajiri, ukungu ukiwa mzito juu ya bonde. Hapo waliishika kamba ya dungu. Walivuta mara mbili upesi na mara moja polepole. Aliye juu akajibu vivyo hivyo, kisha akateremsha chakula chini ya ngazi. Asipojibiwa, mvutaji alijua kwamba dungu lina wageni, au mwenyewe hayuko tena duniani. Aliondoka, na hakurudi. Hakuna aliyeitunga sheria ile, lakini watu walikwisha kufa kwa kuivunja.

Kwa hiyo jirani yangu hakulala alfajiri. Mchana alijikata vipande, chungu, kivuli, ukili, ili alfajiri awe macho na kamba iwe kidoleni. Kila asubuhi nilimtazama kwa mbali akifungua kifurushi cha ming'oko alichokiandaa, akakila mwenyewe. Hivyo nikajua kwamba hakuna aliyevuta.

Mwezi wa pili wa kulinda homa ikamshika. Siku nane nilimhudumia dunguni kwake. Alikuwa akitetemeka, na kila kibuyu kilipogongana na upepo aliruka akavuta mara mbili upesi na mara moja polepole, akasikiliza, akaanguka. Hata vile vipande vyake vilikatika. Siku ya nane hakunitambua. Aliniita kwa jina la mama yake, akaniomba nimwambie kama kumekucha. Nilijua akipitisha siku nyingine hivi nitamzika.

Jioni ile usingizi ulimchukua. Usingizi wa kweli, mdomo umelegea, mkono umefunguka. Nikamtazama yule ambaye alinilinda msimu mzima kwa kidole cha mguu wa kushoto. Nikaifungua kamba kidoleni mwake, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto kiatu. Nikaifunga kwenye mti wa katikati ya shamba, nikaikaza ili mtikisiko usifike dunguni. Vibuyu vya karibu nikavizungushia kaniki yangu visilie. Kisha nikaketi ngazini na kombeo mkononi, nilinde kwa macho.

Sikusinzia. Watu wakinisimulia makosa ya namna hii huwa mlinzi alisinzia, na mtu aliyesinzia ana pa kujishika. Mimi nilikuwa macho. Alfajiri ukungu ulishuka, mpaka sikuona nguzo za dungu langu. Na ndani ya ukungu nikasikia vibuyu vya mbali, vya mwisho wa shamba, vikigongana kidogo. Vikanyamaza. Vikagongana tena. Nikasema moyoni ni upepo, nikafurahi kwamba havikumfikia.

Jua lilipoula ukungu nilikwenda kuangalia kama nguruwe wamepita. Mwisho wa kamba palikuwa na fundo jipya. Lilipinda kushoto, mkia umepitishwa mara mbili, limekazwa mpaka makumbi yamekatika nyuzi. Chini yake tope lilikuwa limekanyagwa mahali pamoja, nyayo juu ya nyayo, za mtu aliyesimama muda mrefu, akageuka kuondoka, akarudi, akasimama tena. Kisha nyayo ziliingia kwenye mafunjo.

Kuna saa nzima pale ambayo bado naiishi. Alikuwa hajafika mbali. Kama ningekimbia dunguni, nikamgusa wayo, nikamwambia, angeweza kuteremka akamfuata. Na kwa homa ile angefia mafunjoni, au angewaongoza watu wa akida mpaka kwa mwanawe. Hayo niliyafikiri. Lakini nisiseme uongo mara ya pili: lililonishinda zaidi lilikuwa aibu. Nikapiga magoti. Fundo lile nililifungua kwa meno. Tope nikalilainisha kwa kiganja, kama anayekandika ukuta.

Aliamka jua likiwa katikati, homa imeshuka, jasho limemtoka. Kitu cha kwanza alitazama kidole chake. Kamba nilikuwa nimeirudisha.

"Kuna aliyevuta?"

"Nguruwe tu, Shangazi."

Akasema alhamdulillahi. Akaniomba maji.

Mume wangu alirudi mwishoni mwa mwaka ule, bega moja limekufa, lakini amerudi. Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kumpokea, akapiga kigelegele mlangoni kwetu mpaka sauti ikamkauka. Nilisimama nyuma ya mlango, nikashindwa kutoka. Wengine walirudi mmoja mmoja. Aliwauliza wote. Mmoja alidhani alimwona kijana wa mashoto milimani. Mwingine alisikia kwamba baadhi walivuka mto wakaenda kusini. Wa tatu alitazama chini. Yeye aliwashukuru wote watatu kwa namna moja.

Bega la mume wangu halikuweza jembe tena, tukahamia kwetu Kiongoroni, yeye akiuza boriti zinazokatwa na ndugu zangu. Huko deltani watu hawalali kwa jua, hulala kwa maji. Yakipwa saa nane ya usiku, wakataji huamka wakaingia mikokoni. Yakijaa hurudi, wakalala vipande vya asubuhi na vya jioni, mtumbwi ukiwa umefungwa miguuni. Tangu utoto nilizoea hivyo. Niliporudi sikuweza. Kila nilipofumba macho nilisikia vibuyu vya mbali. Kazi yangu ilikuwa kufunga mafungu ya boriti ndogo, na ndugu zangu walinicheka kwamba mafundo yangu yote yamepinda kushoto. Sikuwaambia nilijifunzia wapi. Fundo nililolifungua kwa meno nililifunga tena kila siku kwa mikono yangu, na halikuwa lile.

Nilikwenda kumwona Shangazi mara chache. Kila mara nilikuwa na neno mdomoni, na kila mara nilirudi nalo. Mara ya mwisho nilikuwa mtu mzima, nina wajukuu wawili. Nilipanda mto kwa mtumbwi mpaka karibu na Ikwiriri, kisha nikatembea. Ilikuwa msimu wa kulinda. Watu wa bonde waliniambia hawezi tena kuona mbali, lakini bado wanampeleka dunguni, kwa sababu hakuna kidole kinacholinda kama kile.

Nilimkuta ameegemea nguzo, mdogo kama mtoto, kamba kidoleni, ukili mapajani. Tulisali adhuhuri pamoja, yeye kwa kukaa. Kisha nikamwambia nina neno.

"Sema upesi," alisema. "Hii saa sijui ni ya kusikia au ya kulala."

Nikasema. Sikupamba, sikutaja homa kama kinga yangu. Nilisema nilifungua kamba, nilisikia vibuyu, nilikuta fundo, nililifungua, nikafuta nyayo. Nilipomaliza macho yake yalikuwa yamefumbwa na vidole vimesimama juu ya ukili. Nikadhani amelala moja ya vipande vyake, kwamba Mungu amenipa adhabu ya kusema yote na kusikiwa na nguzo. Nikahesabu bila kutaka. Nilipofika hamsini na kitu akasema:

"Lilipinda wapi?"

"Kushoto."

"Lifunge."

Nikaishika kamba palipokuwa na ulegevu, nikafunga. Mikono yangu ilijua. Akalichukua, akalipapasa kwa vidole vyote kumi, akafuata mkia unavyozunguka mara ya kwanza, mara ya pili.

"Alikaza hivi?"

"Zaidi ya hivi. Makumbi yalikatika."

"Basi alikuwa na nguvu."

"Alikuwa na nguvu, Shangazi."

Akalipapasa tena. "Na nyayo. Miguu yote miwili?"

"Yote miwili."

Ndege walishuka upande wa mtoni, akavuta kwa kidole bila kutazama, wakaruka. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini uso haukubadilika, kama jiwe linalotoka maji.

"Miaka yote hii," alisema, "nimemngoja mtu aliyekwisha kuja."

Nilimwomba radhi. Nilishika miguu yake, na kidole gumba chenye mfereji kikawa ndani ya kiganja changu. Hakuivuta miguu, wala hakuniwekea mkono kichwani.

"Sijui kama nimekusamehe," alisema. "Nitajua nikiamka."

Akainama, akaifungua kamba. Alihangaika nayo kidogo, kwa sababu ilikuwa imezoea pale. Akaniwekea mkononi ncha yenye fundo. Kisha akajilaza juu ya fito, ubavu wa kulia, akaweka viganja vyote viwili chini ya shavu, na usingizi ukamchukua kabla sijakaa sawa.

Kivuli cha paa kilifika kidoleni mwake, kikapita. Hakuamka. Kilipanda goti, kikafika kiunoni. Kijijini waliadhini alasiri, nikasema moyoni kwamba kalamu inayoandika dhambi imeinuliwa kwa aliyelala, sikumgusa wayo. Alikuwa akipumua polepole, kwa kina, kama watu wanavyopumua usiku wa ghala.

Ndipo ndege walipokuja. Walitoka upande wa mto, wengi hata shamba likatiwa kivuli, wakashuka juu ya mpunga uliobakiza siku chache. Nilisikia punje zikipasuka. Mimi niliyekula mizizi, niliyeona watu wakipigania kiganja cha chuya, mkono wangu wenyewe ulianza kuvuta. Vibuyu vikaanza kuamka.

Nikaikamata kamba kwa mikono miwili, nikaikaza isitikisike. Jua likielekea kuzama nilikuwa nimeishika bado, na yeye alikuwa bado amelala, na chini yetu ndege walikuwa wakila.